Anajua faida ya jiko banifu, mbona hanunui?

Msimu wa tasnifu ukifika, meza yangu hujaa madodoso yanayofanana. Kauli kuu huwa hii: "Niko tayari kulipa zaidi kwa bidhaa inayotunza mazingira." Mhojiwa anachagua namba, 1 mpaka 5. Wengi huchagua 4 au 5, mwanafunzi anaingiza takwimu kwenye kompyuta, nadharia tete inakubaliwa, na sura ya tano inawashauri wajasiriamali wachangamkie soko la kijani kwa kuwa walaji wana mwamko.

Nafundisha na kutafiti tabia za walaji, na sura ya tano ya namna hiyo inaniumiza kwa sababu kuna mtu huiamini. Kijana anachukua akiba yake, anatengeneza mkaa mbadala au majiko banifu yanayotumia mkaa kidogo, anaweka picha ya jani na maneno "Okoa misitu yetu", kisha mzigo unalala. Wapita njia wanampongeza kwa kazi nzuri, halafu wanaenda kununua mkaa wao wa kila siku.

Hapo watu hukimbilia maelezo mawili: ama walaji ni wanafiki, ama hawajaelimishwa vya kutosha. Mimi naona yote mawili yanawaonea. Mwanasaikolojia Icek Ajzen, ambaye nadharia yake ya mwaka 1991 wanafunzi wetu karibu wote wanainukuu, alitaja mambo matatu yanayojenga nia ya mtu: mtazamo wake, matarajio ya watu anaowajali, na jinsi anavyouona uwezo wake wa kulitenda jambo lenyewe. Madodoso yetu yanamwaga maswali kumi kwenye mtazamo na kubakiza mawili kwa ajili ya uwezo. Kwa mtu anayepata fedha ya leo leo, uwezo ndio unaobeba uzito wote.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Nairobi. Wachumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifanya jaribio na kaya zipatazo 1,000 zinazopikia mkaa, wakalichapisha mwaka 2022. Bidhaa ilikuwa jiko banifu la mkaa lililokuwa likiuzwa madukani kwa takriban dola 40. Waliopata jiko walipunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 39. Katika miaka miwili ambayo jiko hilo hudumu, kaya inaokoa wastani wa dola 237. Ukiuliza kwa hesabu ya darasani, hakuna sababu ya mtu kulikataa.

Namna walivyopima utayari wa kulipa ndiyo inayotenganisha utafiti huu na dodoso. Walitumia utaratibu ambao wachumi wanaufahamu tangu mwaka 1964. Mtu anataja bei ya juu kabisa anayoweza kutoa, huku bei halisi ikipatikana kwa bahati nasibu. Bei hiyo ikiwa sawa na aliyotaja au chini yake, analipa iliyotoka na kuondoka na jiko. Ikiwa juu, hapati. Akitaja ndogo kuliko anayoweza, anajinyima jiko; akitaja kubwa ili amfurahishe mtafiti, huenda akatakiwa kuitoa. Kusema kweli ndiko kunakomlipa.

Kwa kipimo hicho, wastani wa bei ambayo kaya zilikuwa tayari kulipa ulikuwa dola 12 tu.

Watafiti wakajaribu dawa mbili. Ya kwanza ni ile ambayo kampeni zetu zinaishi kwayo: kuwafanya watu wazingatie akiba watakayoipata, waifikirie na kuikokotoa wenyewe. Haikuongeza utayari wa kulipa. Ya pili ilikuwa mkopo wa kulipia jiko kwa miezi kadhaa. Hiyo ilipandisha utayari huo zaidi ya mara mbili. Watu walewale, jiko lilelile, na hakuna aliyeongezewa upendo wa misitu. Na bado faida kwa mazingira ilipatikana: thamani ya utoaji wa gesi zinazoongeza joto duniani ulioepukwa ilikadiriwa kuwa dola 295 kwa jiko moja, zaidi hata ya akiba ya mwenye jiko.

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kusimuliwa sana ili aelewe. Mama anayeuza chapati Tandale au Buguruni ananunua mkaa kwa kopo, jioni, kwa fedha ya mauzo ya siku hiyo. Anajua vizuri kwamba ukinunua gunia unapata nafuu. Lakini fedha ya mkupuo, ikipatikana, ina wenyewe: kodi ya chumba inayodaiwa ya miezi kadhaa kwa pamoja, ada na sare za watoto, zamu ya mchezo wa kuchangiana fedha ambayo kijumbe, msimamizi wake, anaisubiri. Jiko banifu linadai fedha hiyo ya mkupuo leo, na kuirudisha kidogo kidogo. Mkaa wa kopo haudai zaidi ya alichonacho mfukoni. Huyu mama hana kasoro yoyote ya maarifa.

Ndiyo maana wajasiriamali walioelewa jambo hili walianzia kwenye malipo. Kampuni ya M-KOPA ilianza Kenya kwa kuuza umeme wa jua kwa kianzio kidogo na malipo ya kila siku kupitia M-Pesa. Usipolipa, mtambo unajifunga. Hapa kwetu Tanzania, kampuni ya KopaGas ilifunga mita kwenye mtungi, mtu akanunua gesi ya kupikia ya fedha aliyonayo. Gesi ikawa inanunuliwa kwa mwendo uleule wa kopo la mkaa. Mlaji hakutakiwa kwanza awe mwanamazingira.

Mjasiriamali mdogo hana mita wala mtambo wa kujifunga, na kukopesha kumefunga maduka mengi. Hapa sina jibu jepesi, ila njia ninayoiona ina matumaini ni kuuza kupitia vikundi vilivyopo tayari: vikoba vya kuweka na kukopa, na hiyo michezo ya fedha. Kikundi kinamjua nani hulipa, kinakutana kila wiki, na jiko linaweza kuwa zamu ya mwanachama badala ya fedha taslimu. Tafiti za ujasiriamali zingechimba hapo, zingesaidia kuliko kupima mwamko kwa mara ya mia.

Kuhusu jani la kijani kwenye mfuko. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni waliandika juu ya sifa za bidhaa ambazo mnunuzi hawezi kuzihakiki kwa urahisi hata baada ya kuitumia. "Rafiki wa mazingira" ni sifa ya aina hiyo: mama hawezi kuuona msitu uliookolewa, na mdanganyifu anaweza kuandika maneno yaleyale kwenye mfuko wake. Lakini kama mkaa mbadala unatoa moshi, kama unaivisha maharage bila kuongezwa, kama sufuria inabaki safi, hayo anayajua jioni ya kwanza. Muuzaji mwaminifu atangaze hayo kwanza, kwa kuwa hapo ukweli wake unaonekana na uongo wa mwenzake unaumbuka.

Kwa wanafunzi ninaowasimamia, ombi langu sasa ni moja. Dodoso liwe na kurasa chache, na pembeni yake kuwe na bidhaa yenyewe na bei yake. Nusu ya wahojiwa, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wauziwe kwa fedha taslimu; nusu nyingine kwa malipo ya kila wiki. Andika nani amenunua. Halafu rudi wiki ya tatu, uandike nani bado analipa, na nani jiko lake lina majivu.