Mzee Ameanza Kusahau: Maswali Tunayoulizwa Kliniki

Kumbukumbu ya muda mrefu ni nini?
Ni yale ambayo ubongo umeyahifadhi kwa siku, miaka, hata maisha yote. Jambo jipya huanza kushikwa na sehemu ndogo ya ndani iitwayo hipokampasi, kisha taratibu, hasa tukiwa usingizini, huimarika kwenye tabaka la juu la ubongo. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alipasuliwa kwa ajili ya kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Ya utotoni aliyakumbuka. Watu aliokutana nao baada ya hapo walibaki wageni kwake mpaka alipofariki mwaka 2008.

Mama anasimulia ya ujana wake bila kukosea. Si yuko sawa?
Hapana, na hapa ndipo familia nyingi zinapojidanganya. Ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo na kumbukumbu taratibu, kwa kawaida huanzia huko huko kwenye hipokampasi na sehemu za jirani yake, kwa hiyo mapya hupotea kwanza na ya zamani hubaki. Atakutajia wote waliokuja harusini kwake, halafu akuulize mara ya nne kama ameshakula. Muulize ya leo asubuhi.

Lakini si ni uzee tu?
Hapana. Kutafuta miwani ni kawaida. Kupotea njia ya kurudi nyumbani kwake, kuunguza sufuria kila wiki, kushindwa kuhesabu chenji: hizo ni dalili za ugonjwa.

Hata akiwa na miaka 80?
Hata akiwa na miaka 80. Hata 90. Tunaletewa wazee waliokaa na hali hii miaka, wameshazungushwa kwa waganga, na wengine wameshaitwa wachawi kwa kuwa walikutwa nje usiku wakizurura. Tafadhalini sana: mzee anayezurura usiku bila kujua aendako ni mgonjwa. Mleteni.

Tumlete wa nini, kama haina dawa?
Alzheimer haiponi, ingawa zipo dawa zinazowapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Ila mtajuaje ni hiyo kabla hajapimwa? Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyopunguza kazi, sonona na pombe vyote husahaulisha, na vyote vina tiba. Presha isiyodhibitiwa nayo huuharibu ubongo kidogo kidogo. Halafu kuna vidonge vya usingizi na vya mafua vinavyosinzisha, ambavyo watoto wanamnunulia duka la dawa ili "atulie". Acheni. Mkija, bebeni kila dawa anayotumia, na za kienyeji pia.

Na akibadilika ghafla?
Jana alikuwa mzima, leo hajui alipo na anaweweseka: hiyo ni dharura. Inaweza kuwa maambukizi, malaria, sukari iliyoshuka au kiharusi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Hata usiku? Tusimwache kwanza alale, tuone asubuhi?
Hata usiku. Msimwache alale.