Nia ya Misa haina bei: mipaka ya fedha na biashara kanisani

"Misa ni shilingi ngapi?" Swali hili husikika kila wiki kwenye ofisi za parokia, na mara nyingi katibu hutaja kiasi, huandika risiti, yakaisha. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mazungumzo yameshakuwa ya dukani. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanoni ya 947, inataka hata dalili tu ya biashara iepukwe katika sadaka za nia za Misa (nia ni mtu au jambo ambalo Misa inaombewa). Kiasi hupangwa na maaskofu, na padre haruhusiwi kudai zaidi. Jibu sahihi la katibu ni hili: "Sadaka iliyopangwa ni kiasi hiki, ukiwa na pungufu au huna kabisa, nia yako itaandikwa."

Kila parokia iwe na daftari maalumu la nia, si karatasi zilizobanwa kwa pini. Liandikwe nia yenyewe, kiasi kilichopokelewa na tarehe ya Misa, kisha padre atie sahihi baada ya kuadhimisha. Mambo huharibika Jumapili, nia kumi zinaporundikwa kwenye Misa moja. Kwa kawaida kila sadaka, hata ikiwa ndogo, ina Misa yake. Amri ya Vatikano iliyoanza kutumika 20 Aprili 2025 inaruhusu nia za pamoja pale tu maaskofu wa eneo walipokubali, na kila mtoaji awe ameelezwa na kuridhia waziwazi. Kulitaja jina la marehemu katika sala si badala ya Misa iliyokwisha kupokelewa sadaka. Na padre mwenye Misa tatu kwa siku hubaki na sadaka ya moja tu, isipokuwa Krismasi.

Mnada wa mavuno je? Si kosa: kuku na mkungu wa ndizi vimetolewa sadaka, na lazima vigeuzwe fedha. Kosa ni mahali na namna. Upigwe nje, baada ya baraka ya mwisho. Dalali akishika kipaza sauti cha mimbari, asiye na kitu hukaa akitazama wenye uwezo wakipandishiana dau mbele ya altare. Fedha zihesabiwe na watu wasiopungua wawili, watie sahihi, ziende benki.

Kwaya nazo hupenda kuzindua albamu kanisani kwa kiingilio. Hapana. Maagizo ya Vatikano ya 5 Novemba 1987 yanataka tamasha lolote ndani ya kanisa liwe bure na wazi kwa wote. Mkitaka tiketi, tumieni ukumbi.

Rozari na mishumaa viuzwe dukani, nje ya jengo la ibada, na vibarikiwe baada ya kununuliwa, ili mtu asidhani analipia baraka. Masalia ya watakatifu, yaani mabaki ya miili yao au vitu vyao, hayauzwi kabisa, popote pale (kanoni ya 1190).