Programu za kulea startapu za ujenzi wa hewa ukaa kidogo ni nini hasa?

Kuna jamaa yangu alikuja kwangu jioni moja na begi la mgongoni zito kama kabeba mawe, kumbe kweli bana, ndani kulikuwa na tofali mbili za kufungamana alizoshindilia mwenyewe kwa udongo na saruji kidogo tu, akaziweka juu ya meza ya chai akaniambia "kaka hii ndo startapu yangu, nasikia kuna programu zinasaidia watu wa mambo haya, ni kitu gani hicho?" Nikamjibu ni watu wanatoa hela na semina. Jibu la kivivu kabisa. Tangu hapo nimeona watu kadhaa wakiingia kwenye hizo programu na kutoka, wengine wametoka na oda, wengine wametoka na tisheti na picha ya pamoja, kwa hiyo leo naandika jibu ambalo ningempa siku ile kama ningekuwa nimefikiria vizuri.

Bila mapambo: ni mpango ambao taasisi fulani, iwe serikali, chuo, shirika la maendeleo, benki au hata kampuni kubwa ya saruji, inachukua kampuni changa yenye njia mpya ya kujenga bila kumwaga hewa ukaa nyingi angani (ile gesi inayochangia dunia kupata joto), halafu inaishika mkono kuanzia pale kitu kinapofanya kazi uani kwa mama hadi pale fundi wa mtaa wa mbali asiyekujua hata jina anapoingia duka la vifaa vya ujenzi na kukiulizia. Katikati ya hapo na hapo kuna pengo, wenyewe wanaliita bonde la mauti, maana hela ya kwanza (akiba yako, ya mjomba, ya zawadi ya shindano) imeshaisha na hela ya mauzo bado haijaanza kuingia. Programu ni daraja la kuvuka hapo. Daraja refu au fupi, hilo ndo swali.

Sasa kwa nini ujenzi uwe na programu zake peke yake, si kuna programu kibao za startapu kwa ujumla? Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye saruji. Jiwe la chokaa linachomwa kwenye tanuru na vitu vingine kama udongo mfinyanzi hadi kama nyuzi 1,450 za selsiasi, inatoka klinka, klinka inasagwa inakuwa saruji. Watu wengi wanadhani tatizo ni makaa ya mawe yanayowashwa kwenye hilo tanuru, na ni kweli yanachangia, lakini zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji inatoka ndani ya jiwe lenyewe, lile jiwe likipata moto linaachana na gesi iliyokuwa imefungwa humo tangu enzi na enzi. Yaani hata ukiwasha tanuru kwa umeme wa jua bado jiwe litatoa gesi yake. Ndo maana saruji peke yake inabeba kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote ya binadamu duniani. Ongeza chuma, ongeza vioo, na kwetu huku ongeza tofali za kuchoma zinazokula magogo, ukipita barabarani unaona tanuru linafuka moshi na pembeni mti wa mwembe umekatwa.

Hiyo ni hewa ukaa iliyoingia kwenye nyumba kabla hujahamia. Kuna nyingine inayotoka ukishahamia, AC, taa, friji, kupikia. Startapu nyingi za huku kwetu zinahangaika na ile ya kwanza, ya vifaa, na nadhani wako sahihi maana nyumba nyingi za miaka 30 ijayo Afrika bado hazijajengwa, ila usidharau dari nzuri na madirisha yanayoelekea upepo, watu wa Pwani walilijua hilo kabla ya neno startapu halijazaliwa.

Haya. Utasikia maneno mawili, inkubeta na akselereta. Inkubeta ni kama mashine ya kutotolea vifaranga, unakaa humo muda mrefu, unapewa ofisi, mshauri, mtu wa kukusaidia mahesabu, hakuna haraka sana. Akselereta ni mbio, mnaingia kundi moja, miezi mitatu hivi, mwisho mnasimama mbele ya wawekezaji kila mmoja na dakika zake chache. Mtindo huo wa mbio ulipata umaarufu Marekani kuanzia 2005 na Y Combinator, na ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa programu za kompyuta. Na hapa ndo penye kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Mtu wa app anarekebisha kosa usiku, asubuhi wateja wameshapata toleo jipya. Mtu wa zege anamwaga sampuli leo, jaribio la kawaida la nguvu ya mgandamizo linasomwa siku ya 28. Ikifeli anabadilisha mchanganyiko, anamwaga tena, anasubiri 28 nyingine. Piga hesabu, miezi mitatu ya akselereta ni majaribio matatu tu, na hapo hujagusa swali la mvua, mchwa, chumvi ya baharini, na ukuta utakuwaje baada ya miaka 10. Kwa hiyo programu inayokuja na ratiba ya app kwa mtu wa tofali inamfundisha kuongea vizuri kuhusu tofali, basi.

Programu inayoelewa ujenzi utaitambua kwa vitu inavyotoa, na cha kwanza wala si hela, ni maabara. Mfano mzuri ni Nzambi Matee wa Nairobi, mwanzilishi wa Gjenge Makers, wale wanaotengeneza tofali za sakafu ya nje kwa taka za plastiki na mchanga. Mwaka 2017 aliacha kazi akafungua kakarakana uani kwa mama yake, majirani wakalalamika kuhusu kelele za mashine, yeye akaomba wamvumilie mwaka mmoja. Baadaye akapata ufadhili wa mafunzo ya ujasiriamali Marekani na huko akatumia maabara ya chuo cha Colorado Boulder kupima uwiano wa mchanga na plastiki hadi ukakaa sawa, na mwaka 2020 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikamtaja miongoni mwa vijana mabingwa wa dunia. Watu wanakumbuka tuzo. Mimi nakumbuka maabara, kwa sababu bila ule uwiano tuzo ingekuwa ya kitu kinachopasuka. (Kuna watu watabishana kwamba plastiki ni habari ya taka zaidi ya hewa ukaa, sawa, nakubali nusu, ila njia aliyopita ndo ninayoizungumzia.)

Cha pili ni cheti. Huwezi kuuza kifaa cha ujenzi kwa mkandarasi wa maana bila karatasi ya shirika la viwango, Tanzania ni TBS, Kenya ni KEBS, na injinia hatasaini mchoro wenye kitu kisicho na kiwango maana nyumba ikianguka anayeenda kujibu ni yeye. Tatizo la ubunifu ni kwamba mara nyingine kiwango chenyewe hakipo, umetengeneza kitu ambacho kitabu hakijakiwaza, sasa unapimwa kwa kipi? Programu nzuri ina mtu anayejua milango hiyo, anajua nani anakaa kwenye kamati za viwango. Kwa Tanzania kuna njia ambayo wengi hawaijui, mjasiriamali mdogo anapitia SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, anapata barua ya utambulisho halafu gharama za TBS zinabebwa na serikali, hiyo tayari ni msaada wa startapu hata kama haina nembo wala hafla ya uzinduzi. Na NHBRA, wakala wa utafiti wa nyumba bora, wamefundisha vikundi vya vijana kutengeneza tofali za kufungamana tangu watu hawajaanza kusema hewa ukaa kila sentensi, wakati huo ilikuwa tu habari ya nyumba nafuu na kuokoa miti.

Hela sasa, maana najua ulikuwa unaisubiri. Kuna ruzuku, hairudishwi lakini ina ripoti nyingi, utaandika ripoti hadi usahau unatengeneza nini. Kuna mkopo, ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (yaani asilimia 10 ya mapato yao ya ndani) haina riba na vikundi vingi vya tofali vimeanzia hapo, ila ni mkopo, mashine ikikwama marejesho hayakwami. Kuna mwekezaji anayechukua hisa, huyo anataka kampuni ikue haraka ili auze sehemu yake kwa faida, na kampuni ya tofali haikui kama app ya kutuma hela kwa hiyo soma mkataba mara tatu. Na kuna zawadi. Ya zawadi kuna moja naipenda kwa namna ilivyopangwa, Carbon XPRIZE, ilianza 2015 ikaisha 2021, washindi wawili, CarbonCure ya Kanada na CarbonBuilt ya Marekani, kila mmoja dola milioni 7.5, wote wanaingiza hewa ukaa ndani ya zege badala ya kuiachia. Waliofika fainali walipimwa kwenye mitambo halisi ya umeme, wakitumia moshi halisi wa hiyo mitambo, siyo wa chupa ya maabara. Na ilichukua miaka karibu sita. Hiyo ni saa ya zege.

Huku kwetu kuna milango kadhaa ya kugonga. Nairobi kuna Kenya Climate Innovation Center, ilifunguliwa 2012 chini ya mpango wa infoDev wa Benki ya Dunia, na Uingereza na Denmark ziliweka hela, inachukua biashara za tabianchi za kila aina, kilimo, maji, nishati, kwa hiyo wa tofali utakaa na wa majiko sanifu na wa umwagiliaji. Tanzania kuna Funguo, programu ya UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) na Umoja wa Ulaya, inayotoa ruzuku kwa startapu. Habitat for Humanity, shirika la kimataifa la nyumba, nao wana programu ya ShelterTech, hiyo ni ya makazi moja kwa moja na imefika Kenya. Ukienda Rwanda utakutana na EarthEnable, wazo lilianzia darasani Chuo Kikuu cha Stanford, wanatengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa magumu, bei iko chini sana ya sakafu ya saruji, na wanafundisha mafundi wa kijijini wenyewe. Hao naona walishika jambo mapema, kwamba kwenye ujenzi mteja wako wa kweli ni fundi, mwenye nyumba anamsikiliza fundi kuliko tangazo, fundi akisema "hii haifai" umekwisha.

Ambacho programu nyingi hazitoi ni mteja wa kwanza. Kila mtu anataka kuwa mnunuzi wa pili. Nani atajenga darasa kwa tofali ambazo hazijawahi kujenga darasa? Hapa serikali ingeweza kufanya makubwa bila kutoa ruzuku hata senti, kwa kununua tu. Kenya na Tanzania zote sheria za manunuzi zimetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, ila ukiangalia zabuni yenyewe imeandika aina ya kifaa, saruji hii, tofali ile, kwa hiyo kijana mwenye kitu kipya anaruhusiwa kuomba lakini kitu chake hakiruhusiwi. Zabuni ingesema "ukuta ubebe mzigo kiasi hiki na usivuje" badala ya kutaja jina la kifaa, milango mingi ingefunguka.

Na usidhani kwa wakubwa mambo ni shwari. Machi 2024 Wizara ya Nishati ya Marekani ilitangaza hadi dola milioni 189 kwa Brimstone na karibu milioni 87 kwa Sublime Systems, zote startapu zinazotafuta saruji bila ule mchezo wa kuchoma chokaa. Mei 2025, serikali imebadilika, wizara ikafuta zote mbili. Sublime angalau walikuwa wameshaingiza Holcim na CRH, makampuni makubwa ya saruji, kama wawekezaji, kwa hiyo hawakuwa wameegemea nguzo moja. Wa kwetu mwenye ruzuku moja tu ya wafadhili, mradi ukifungwa Ulaya yeye anajua kwa imeyli.

Kwa hiyo jamaa akirudi leo na begi lake nitamuuliza kwanza yeye: unakwama wapi, kwenye kupima, kwenye cheti, kwenye mashine au kwenye oda? Halafu atafute programu inayotibu hapo alipokwama, aulize waliopita kundi la mwaka juzi (wa mwaka huu bado wana furaha), aulize kama kuna maabara, kama wanachukua hisa, na kama kuna mtu yeyote kati yao amewahi kusimama saiti akimwagilia tofali.

Yeye mwenyewe kumbe hakunisubiri. Tofali moja aliipeleka kupimwa, wakaiweka kwenye mashine wakaibana hadi ikapasuka, akapewa karatasi yenye namba, na namba ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea kwa hiyo amebadilisha udongo na anasubiri majibu mengine. Ile ya pili bado iko kwangu, inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.