Nyambizi ndogo: kazi ngumu iko juu ya maji

Watu wakiiona nyambizi ya abiria wawili, huuliza inazama mita ngapi. Mimi huuliza inavutwaje, na inatolewaje majini. Kule chini kumetulia. Huku juu ndiko chuma cha tani 2 kinakoyumba na mawimbi karibu na boti, kreni na vidole vya watu.

Tarehe 29 Agosti 1973, Roger Chapman na Roger Mallinson walikuwa wameshaibuka na nyambizi yao, Pisces III, baada ya kufukia kebo ya simu kwenye sakafu ya Atlantiki, kusini-magharibi mwa Ireland. Kilichobaki ni kurudishwa melini. Kamba ya kuvutia ikanasa mfuniko wa chumba cha mitambo cha nyuma, ikaung'oa. Maji yakajaa, nyambizi ikazama ikitangulia tezi, yaani upande wa nyuma, hadi mita 480. Walitolewa wazima baada ya saa 76. Mwaka 1968 nyaya zilizokuwa zikiiteremsha nyambizi Alvin ya Marekani zilikatika, mfuniko ukiwa wazi. Watu 3 wakawahi kutoka, chombo kikazama. (Kilipoopolewa mwaka uliofuata, sandwichi zao zilikuwa hazijaoza.) Kote kuwili, kina hakikuwa na kosa.

Ndiyo maana naikagua kamba kuliko betri. Naifunga kwenye pete iliyo chini kabisa ya omo, yaani upande wa mbele, ili mvuto uinyanyue pua. Ukiivuta kwa pete ya juu, tena kwa pupa, pua inachimba maji na chombo kinaanza kuzama chenyewe. Mwendo ni wa mtu anayetembea, matangi ya balasti (yanayojazwa maji ili chombo kizame, au hewa ili kielee) yamejaa hewa, mfuniko umefungwa hata kama waliomo wanalalamika joto. Chochote kinachochomoza mgongoni, kuanzia vali hadi mpini, nakizungushia vyuma ili kamba iteleze bila kunasa. Na boti inayovuta lazima iweze kuiachia kamba mara moja.

Kuteremsha kwa trela ni rahisi zaidi, maji yakiwa yamejaa. Ila usisahau uzito: maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia 2.5 hivi. Nyambizi ya tani 2 iliyosawazishwa ziwani, yaani uzito wake umepangwa ili izame bila kuelea wala kudidimia, itahitaji kilo 50 zaidi ili izame baharini.

Wakati wa kuitoa, mzamiaji haikaribii mpaka injini ya boti iwe haisukumi. Kwenye kreni, ninachokiogopa ni kamba kulegea wimbi likipanda, kisha kukaza ghafla wimbi likishuka. Mshtuko huo unazidi mbali uzito wenyewe wa chombo. Kwenye trela, adui ni maji yaliyobaki ndani ya matangi. Kila lita 100 ni kilo 100 juu ya ekseli, kwa hiyo winchi inavuta kidogo, inasimama, maji yanatoka kwa chini, ndipo inavuta tena. Dereva wa gari akiwa na haraka, mwambie akanywe chai.