Muundo wa Kampuni Ukibadilika, Mfanyakazi Anawajibika kwa Nani?

Tangazo la muundo mpya linapobandikwa ofisini, swali la kwanza huwa ni nani atapunguzwa. Swali hilo ni la haki, lakini wanaobaki kazini husumbuliwa zaidi na jambo lisilotajwa kwenye tangazo, yaani nani sasa anawaagiza na nani anawasainia.

Wakazi wa Tabora na Kigoma wameyaona mabadiliko ya namna hii kwenye Reli ya Kati. Kuanzia mwaka 2007 miundombinu ilikuwa chini ya RAHCO na uendeshaji wa treni chini ya TRL, hadi sheria ya mwaka 2017 ilipoziunganisha kampuni hizo mbili kuwa Shirika la Reli Tanzania. Njia ya reli ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni ngazi za uamuzi juu ya watu wanaoihudumia.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala wa kampuni ya tumbaku mjini Tabora, ambaye zamani alikuwa chini ya meneja wa tawi peke yake. Katika muundo mpya, taarifa za mzigo anazipeleka kwa mkuu wa ugavi aliyeko Dar es Salaam, ilhali mahudhurio na likizo bado viko kwa meneja. Mkuu wa ugavi anamtaka abaki kupokea marobota, meneja ameshampangia likizo, na fomu inazunguka bila saini. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kwa kawaida lawama humwangukia huyu wa ghalani, si waliochora muundo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri, kwa kushauriana na mfanyakazi, arekebishe maelezo ya ajira yanapobadilika na kumjulisha kwa maandishi. Kwa hiyo cheo kipya kilichotolewa kwa mdomo kikaoni hakitoshi: mfanyakazi aombe barua inayotaja majukumu yake na, kwa maoni yangu, msimamizi wake mmoja wa mwisho.

Upunguzaji ukiwa haukwepeki, kifungu cha 38 kinataka mashauriano yafanyike kabla ya uamuzi, yakigusa sababu, njia za kuuepuka na vigezo vya kuchagua watakaoondoka. Kuwaita wafanyakazi ili wasomewe majina yaliyokwisha kupitishwa si mashauriano, na anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.