Je, wajua madini ya kwenye chakula yanahusianaje na sonona?

Serotonini na dopamini, kemikali za ubongo zinazotajwa kila sonona inapozungumzwa, hutengenezwa kwa msaada wa vimeng'enya visivyofanya kazi bila chuma. Magnesiamu nayo huziba tundu la vipokezi vya NMDA, milango ya kupokea ishara kwenye seli za neva, ili seli isisisimke ovyo. Zinki hutuliza vipokezi hivyohivyo kwa njia yake.

Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba ukikosa madini utapata sonona, na wauza vidonge husema hivyo kila siku. Ushahidi una mushkeli zaidi. Uchambuzi wa tafiti 17 uliotoka mwaka 2013 ulikuta kiwango cha zinki kwenye damu ya wenye sonona kiko chini kuliko cha watu wengine. Lakini mwenye sonona mara nyingi hana hamu ya kula, na mwili unapopambana na maradhi huihamishia zinki kwenye ini. Kipi kilitangulia?

Mwaka 2017, huko Vermont, Marekani, watu wazima 126 wenye sonona nyepesi au ya wastani walipewa miligramu 248 za magnesiamu kwa siku kwa wiki 6. Alama zao kwenye PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona ambalo mwisho wake ni 27, zilishuka kwa takriban 6. Ni nyingi, ila hakukuwa na kidonge bandia (kisicho na dawa ndani) cha kulinganishia, na matumaini peke yake hushusha alama. Utafiti wa MooDFOOD uliotolewa mwaka 2019 ulikuwa na kidonge bandia: watu 1,025 wa nchi nne za Ulaya, wote wenye uzito uliozidi, walifuatiliwa mwaka mzima. Vidonge vyenye seleniamu, kalsiamu, vitamini D, asidi ya foliki na omega-3 havikuzuia sonona. Kwa maoni yetu, anayeweza kunufaika ni yule mwenye upungufu kweli.

Na upungufu huo mara nyingi huanzia jikoni. Kwa siku, mwanamke wa miaka 19 hadi 50 asiye mjamzito anahitaji chuma miligramu 18, zinki 8 na magnesiamu 310 hadi 320. Mwanamume wa umri huo chuma 8, zinki 11 na magnesiamu 400 hadi 420. Mahindi yakikobolewa kupata sembe, kiini na pumba huondoka, na sehemu kubwa ya madini huenda nazo. Dona huyabakiza, lakini pamoja na fitati, ambayo hushika zinki na chuma tumboni visifyonzwe. Dawa yake ni ya kienyeji: loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake, otesha ulezi uwe kimea, au acha uji uchache kabla ya kuupika. Chai ya rangi iliyonywewa na mlo hupunguza sana ufyonzwaji wa chuma cha mimea. Ngoja walau saa moja. Limau kwenye mchicha hufanya kinyume chake. Dagaa hutoa zinki na chuma, na gramu 30 za mbegu za maboga zina magnesiamu kama miligramu 150.

Kabla ya kununua vidonge, pima. Upungufu wa damu huleta uchovu na kushindwa kuzingatia jambo, dalili ambazo hata mhudumu wa afya anaweza kuzidhania sonona. Omba kipimo cha feritini, protini inayotunza akiba ya chuma mwilini, pamoja na wingi wa damu: kwa mtu mzima asiyeumwa, chini ya mikrogramu 15 kwa lita maana yake akiba ya chuma imekwisha. Ukiwa na maambukizi feritini hupanda, na jibu la kawaida linaweza kuficha upungufu. Magnesiamu ya damu haisemi mengi, maana takriban asilimia 99 yake iko kwenye mifupa na ndani ya seli.

Zinki ikizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huzuia shaba kufyonzwa, na damu hupungua upya. Magnesiamu ya vidonge ikizidi huharisha, na kwa mwenye figo dhaifu ni hatari. Anayetumia antibayotiki za doksisaiklini au siprofloksasini asimeze madini wakati mmoja na dawa hizo, kwa kuwa hushikana tumboni. Dawa za sonona zisiachwe kwa sababu ya vidonge vya madini, na huzuni iliyodumu wiki mbili mfululizo, hasa ikiambatana na mawazo ya kujiua, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.