Shavu Kwanza, Darubini Baadaye: Kuchagua Vilengeo vya Bunduki ya Leva

Wengi wanaoniletea bunduki ya leva, ile inayokokiwa kwa kushusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, huja na swali moja tayari mdomoni: "Fundi, niweke darubini ya kukuza mara ngapi?" Silijibu kwanza. Naomba risasi zote zitolewe, nakagua chemba kwa jicho na kwa kidole, kisha namwambia mwenyewe afumbe macho, aipandishe bunduki begani kama anavyoipandisha porini, alaze shavu kwenye kitako mpaka atulie, halafu afumbue macho pasipo kusogeza kichwa. Pale jicho lilipo, ndipo kilengeo kinapotakiwa kuwa. Nguvu ya kukuza tutaizungumza baadaye.

Zoezi hili lina sababu. Bunduki za leva zilizaliwa na vilengeo vya chini. John Browning alipobuni Winchester ya 1894, kitako chake kilichongwa kwa ajili ya jicho linalotazama kama sentimita 2 tu juu ya mstari wa katikati ya mtutu. Mgongo wa kitako unateremka kwenda nyuma, na shavu linateremka nao. Ukipachika darubini juu ya pete ndefu, jicho halifiki tena. Inabidi uinue kichwa, shavu liache mbao, kidevu ndicho kiguse. Kichwa kinachoelea hivyo hakirudi mahali palepale mara mbili, na mnyama hakupi nafasi ya kukitafutia mahali.

Mwindaji mmoja wa makamo aliwahi kuniletea Marlin 336 nzuri sana, ameifunga darubini ya kukuza mara 4 hadi 12 yenye lenzi ya mbele ya milimita 50. Aliniambia amekosa mnyama aliyekuwa hatua thelathini mbele yake, amesimama, ubavu wazi. Hakukosea kulenga, hakuwahi kulenga kabisa. Alipopandisha bunduki aliona duara la manyoya na majani, asijue ni bega au paja, na alipomaliza kusogeza shingo ili picha ikae sawa, mnyama hakuwepo. Darubini ile ilikuwa nzuri, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya bunduki nyingine na uwindaji mwingine.

Kwa hiyo baada ya shavu nauliza umbali. Hapa naomba ukweli, si ndoto. Risasi ya .30-30, ambayo ndiyo imelishwa kwenye bunduki nyingi zaidi za aina hii, hurusha kichwa cha gramu 11 kwa mwendo wa karibu mita 670 kwa sekunde. Tena kwa sababu magazini ni bomba ambamo risasi zimepangwa moja nyuma ya nyingine, ncha ya moja ikiegemea kiwashio cha ya mbele yake (kile kidonge cha kulipulia baruti kilicho kitakoni mwa risasi), vichwa vimezoeleka kuwa bapa ili ncha isije ikakilipua, na kichwa bapa hupoteza mwendo haraka hewani. (Siku hizi vipo vichwa vyenye ncha laini ya plastiki inayobonyea, ambavyo ni salama ndani ya bomba. Vyenye ncha ngumu usithubutu kuviweka humo.) Ukiisawazisha .30-30 ipige katikati kwa mita 100, kwenye mita 200 itakuwa imeshuka karibu robo mita. Hii ni bunduki ya mita 150, na mara nyingi ni ya mita 50 vichakani. Ukiwa na Browning BLR ya .308, yenye magazini ya sanduku na vichwa vyenye ncha, hesabu inabadilika na darubini ya mara 2 hadi 7 inastahili kabisa. Kwa .30-30, .35 Remington, .44 Magnum au .45-70, tafadhali anza kufikiria kwa udogo.

Vilengeo vinavyotoka kiwandani kwa kawaida ni chembe ya duara mbele na, nyuma yake juu ya mtutu, kipande chenye pembe mbili zilizojikunja kama za fahali na kibonde kidogo katikati. Sivipendi. Pembe zile zinaficha nusu ya mnyama, na kibaya zaidi, jicho linadaiwa kuona vitu vitatu kwa wakati mmoja: kibonde kilicho karibu, chembe iliyo mbali kidogo, na mnyama aliye mbali kabisa. Kijana wa miaka ishirini anaweza. Lenzi ya jicho ikianza kukakamaa, kuanzia miaka arobaini na kitu, kibonde kinageuka ukungu, na hakuna mazoezi yatakayokirudisha.

Dawa yake ni kilengeo cha tundu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndicho ninachokifunga kwa moyo mweupe kuliko vyote. Ni pete yenye tundu, inafungwa nyuma ya kiwiliwili cha bunduki, karibu na jicho. Wewe huitazami, unatazama kupitia ndani yake. Pete inafifia, jicho lenyewe linajipeleka katikati bila kuombwa, na unabaki na vitu viwili tu: chembe ya mbele na mnyama. Tundu pia linafanya kazi kama tundu dogo la kamera. Linapunguza miale inayoingia kwa kutawanyika, na vitu vya karibu na vya mbali vinaonekana vikali kwa pamoja. Kwa macho yaliyozeeka tofauti yake ni kubwa mno. Nimewaona wazee wakishusha bunduki baada ya kutazama mara ya kwanza, wakanyamaza kidogo, kisha wakaipandisha tena kuhakikisha.

Faida ya pili ni urefu kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Vikiwa vyote juu ya mtutu, kwenye bunduki yenye mtutu wa inchi 20, vinatengana kama sentimita 40. Ukihamishia cha nyuma mwishoni mwa kiwiliwili, vinafika karibu sentimita 65. Kosa lilelile la jicho, tuseme nusu milimita, linakutoa sentimita 12 na nusu kwa mita 100 kwenye mpangilio wa kwanza, na chini ya sentimita 8 kwenye wa pili. Hujanunua mtutu mpya wala risasi bora.

Kwa kuwinda chagua tundu kubwa lenye ukingo mwembamba. Yale matundu madogo ya kupigia karatasi yanameza mwanga alfajiri na jioni, saa zilezile ambazo mnyama anatembea. Wawindaji wengi hufungua kile kisahani chenye tundu dogo na kutumia uzi wa skrubu uliobaki kama pete, na wanafanya vizuri.

Chembe ya mbele nayo isidharauliwe. Ikiwa iko sentimita 85 kutoka jichoni, chembe ya milimita 2.4 inafunika sentimita 28 za mnyama kwa mita 100, ambayo ni eneo lote la moyo na mapafu na zaidi ya hapo. Ya milimita 1.6 inafunika kama 19. Vichakani kubwa ni ya haraka, uwandani ndogo ni ya haki. Binafsi napendelea kijiti bapa cha mraba chenye mstari mweupe, kwa sababu chembe ya duara inayong'aa ina hila yake: jua likiipiga upande mmoja, jicho hulenga kwa upande uliong'aa, na risasi huenda upande wa pili, mbali na jua.

Sasa darubini. Swali la kwanza si la kioo, ni la maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa: yanatokea wapi? Marlin hutoa maganda kwa ubavu, paa la kiwiliwili limefungwa, kwa hiyo darubini inakaa juu yake bila taabu. Winchester 94 za zamani hurusha ganda moja kwa moja juu. Ni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo zilipobadilishwa zitupe kwa mshazari. Kwenye ya zamani darubini ya juu inaziba njia, na kuifunga ubavuni kunaiweka kando ya mtutu, shavu likakosa pa kuegemea. Pia hutoboi kiwiliwili cha bunduki ya miaka tisini kwa ajili ya skrubu. Ikiniletwa ya namna hiyo nasema kilengeo cha tundu, na sibembelezi.

Pale inapofaa, nachagua darubini fupi na nyepesi: mara 2.5 isiyobadilika, au mara 1 hadi 4, au 1.5 hadi 5. Lenzi ya mbele ya milimita 20 inatosha, na hii inawashangaza watu. Gawanya kipenyo cha lenzi kwa nguvu ya kukuza: 20 kwa 2.5 ni 8, yaani mwale unaofika jichoni una upana wa milimita 8. Mboni ya kijana gizani hufunguka kama milimita 7, na ya mtu mzima hupungua kutoka hapo. Mwanga tayari ni mwingi kuliko unavyoweza kuupokea. Lenzi ya milimita 50 ingekuinulia tu darubini, na tumekwisha kuona shavu litasemaje. Kwa upana wa kuona, mara 4 hukupa kama mita 9 au 10 kwa umbali wa mita 100; mara 1.5 hukupa zaidi ya mita 20.

Pima pia nafasi kati ya jicho na kioo. Bunduki ya .45-70 yenye risasi nzito inapiga teke kali, na ukingo wa darubini umewapasua watu nyusi. Nataka sentimita 9 au zaidi. Na usisahau nyundo: darubini ikiwa juu yake, dole gumba halipati pa kuishika, na nyundo iliyoponyoka ikiwa imekokiwa nusu ni hatari ya kweli. Kuna kipande kidogo cha kurefushia, kinafungwa kando ya nyundo. Bila hicho bunduki haitoki mezani kwangu.

Darubini ya mbele, inayokaa juu ya mtutu mbali na jicho, inaacha maganda na nyundo huru, lakini jua likiwa mgongoni mwako kioo cha nyuma kinamezwa na mng'ao. Kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kioo kinachokuonyesha nukta ya mwanga pa kulengea, ni cha haraka kuliko vyote na hakijali sana kichwa kimekaa wapi. Nukta ya dakika 2 za pembe inafunika sentimita 6 kwa mita 100. Mwenye astigmatizimu (kasoro ya jicho lisilo na mviringo sawasawa) aitazame kabla ya kununua, maana ataona nyota iliyochanika badala ya nukta. Na betri mpya iwe mfukoni.

Kusawazisha: kwa .30-30 yenye darubini, weka risasi zipige sentimita 5 juu kwa mita 100, na hadi mita 150 zitakuwa zimeshuka sentimita chache tu chini ya ulipolenga. Kwa vilengeo vya chuma, zidisha kosa kwa urefu kati ya vilengeo, gawanya kwa umbali. Risasi zikipiga sentimita 10 chini kwa mita 50, na vilengeo vimetengana sentimita 65, ni milimita 1.3: inua cha nyuma kwa kiasi hicho, au punguza cha mbele kwa tupa, kidogo kidogo, ukipiga risasi tatu kila mara, kwa sababu chuma kilichokatwa hakirudi. Kisha safisha mafuta kwenye skrubu, kaza, na chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye reli ya kufungia kilengeo. Piga risasi ishirini, kagua. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Kaza na usawazishe upya kabla ya kwenda porini.